Kumwangalizia Zakaria Filamu za Mzee Subira

Tangu nirudi mnanijia mmoja mmoja hapa barazani, kila mtu na kicheko chake: "Haya, Salehe, Hollywood wanasemaje?" Nimechoka kujibu vipande vipande. Naandika mara moja, mpokezane, msome, halafu mniache ninywe kahawa yangu. Kwanza kabisa, Minnesota si Hollywood. Kutoka kule hadi Hollywood ni mbali kuliko kutoka hapa Tanga hadi Kigoma, na hakuna aliyeniita kucheza filamu. Habari za pasi na viza nazo msiniulize. Zilinizeesha mara moja, sitaki zinizeeshe tena kwa kuzisimulia.

Kwa nini nilikwenda

Wengi wenu hamkumjua Zakaria. Nilisoma naye hapa mjini kabla ya Uhuru, mimi mtoto wa chuo cha Kurani na yeye mtoto wa mwinjilisti, na kilichotukutanisha kilikuwa sinema. Zakaria alikuwa mtu wa kuchelewa kila kitu. Chuo kikuu aliingia akiwa na mvi, Marekani alikwenda wakati wenzake wanarudi, akaoa katika umri ambao watu wanawaposea wana wao. Alipata kazi ya maabara katika hospitali moja huko Minnesota, akaweka makazi Brooklyn Center, hakurudi tena.

Siku zile tulimpenda mwigizaji mmoja Mwingereza, Ambrose Tickner. Yule bwana alianza jukwaani London akiwa kijana, na kwa karibu miaka arobaini hakupewa kazi ila kubeba sinia, kufungua mlango na kutangaza kwamba mgeni amefika. Sitini ilikuwa imempita alipokwenda Amerika na kundi lake, mtu wa filamu akamwona akiwa amesimama tu pembeni ya jukwaa, akamwita. Baada ya hapo sura yake ikazunguka dunia, ikatufikia na sisi Tanga, filamu zimeshachakaa na kukatikakatika. Mkata tiketi wetu, aliyekuwa akisoma kila gazeti, ndiye aliyetupa habari zake. Wahuni wa viti vya mbele wakambatiza Mzee Subira.

Waliokosa kiingilio walikuwa wakinisubiri nje. Nikitoka, nawaigizia filamu nzima kwa Kiswahili, sauti zote, milango yote, mbwa akiwemo. Zakaria alikuwa ameingia ndani kama mimi, lakini alibaki kusikiliza tena. Alikuwa akisema filamu haijaisha mpaka Salehe aitoe mdomoni.

Basi siku moja akanipigia simu kwa jirani. Sauti ilikuwa yake, ila imepungua.

"Macho yamekwisha, Salehe. Sukari imeyala. Nina kanda zote za Mzee Subira humu ndani, nasikia sauti tu, na unajua yule mzee kazi yake haikuwa sauti. Njoo uniangalizie."

Nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu, mcheza babu na mcheza mlinzi katika kila mchezo wa mji huu tangu nina miaka ishirini na tano. Atafute mtu wa maana.

"Wewe hujaitwa tu," akasema. "Sasa nakuita."

"Basi usife kabla sijafika," nikamtania.

"Kawia ufike," akajibu, akacheka mpaka akakohoa.

Nilijua hali yake. Figo zilikuwa zinasafishwa kwa mashine, na mkewe, Mama Neema, alikuwa ameshaniambia kwa kunong'ona kwamba madaktari hawana maneno mazuri. Kwa hiyo nilipopanda ndege Dar nilikuwa katika mashindano na mauti. Nilitaka nifike nimkute anasikia. Hata kama ni filamu moja tu.

Amsterdam, katika ukungu

Ukungu ulishuka Amsterdam, ndege zikalala chini kama bata. Tuliambiwa saa mbili, zikawa nne, kisha kile kibao cha safari kikaacha kabisa kututaja. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nimevaa koti la mtumba juu ya kanzu, kofia kichwani, nikila mkate wenye jibini iliyonuka soksi. Sikuwa na uhakika ndani yake mna nini kingine, nikawa naufunua na kuufunika. Mama mmoja mweusi aliyekaa karibu yangu akaona shida yangu, akanipa ndizi.

Alikuwa mzaliwa wa Surinam, anaishi kwa Waholanzi miaka mingi. Kwa sababu ya kofia yangu alidhani mimi ni mtu wa dini, akaniomba nimwombee mama yake. Nikamuuliza, anaumwa? Akasema hapana, amekufa, ndio anakwenda kumzika. Ndugu yake alimpigia simu kazini, akamwambia, kisha akamuuliza atafika na ndege gani.

"Kwa simu?" nikasema. "Hivyo hivyo?"

"Wewe ungetaka uambiwe vipi?"

Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba kwetu mtu wa mbali haambiwi msiba akiwa njiani. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, uje. Akifika anapokelewa, anakalishwa, analishwa, akishatulia ndipo mtu mzima mmoja anamwambia ajikaze. Mimi mwenyewe nimewahi kumlisha shemeji yangu wali na samaki mzima huku najua mama yake yuko kaburini.

"Na huo si uongo?" akauliza.

"Hiyo ni adabu," nikamjibu kwa kiburi kabisa. Nikamwombea dua mama yake. Naye akanisaidia kupiga simu Brooklyn Center, maana zile simu za kadi zilinishinda.

Alipokea Mama Neema. Nyuma yake nilisikia watu, wengi, na sufuria zinagongana. Nikadhani ni redio. Nikamwambia nimekwama, na nipe mwenyewe nimsalimie.

"Hawezi kuja kwenye simu, shemeji," akasema. "Wewe njoo tu. Utapokewa."

"Anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

Jamani, mimi ni mtu mzima, na nilikuwa nimetoka kumfundisha mama wa watu adabu hiyo hiyo sasa hivi. Lakini nilirudisha simu nikarudi kwenye kiti changu nikiwaza nianze na filamu gani. Mtu asiyetaka kuona haoni.

Uwanjani hadi Inver Grove Heights

Minneapolis nilipokewa na mwanamke nisiyemjua, Mkenya, ameshika karatasi yenye jina langu na koti lingine mkononi, zito kama godoro. Alijitambulisha kwa jina la Nyambura, muuguzi katika nyumba ya wazee, anasali kanisa moja na Mama Neema. Alinivika lile koti kabla sijamaliza salamu.

"Karibu sana, Mzee. Pole na safari. Nime-park karibu, usi-worry, nita-drive pole pole."

"Asante, mwanangu. Zakaria yuko wapi?"

"Ako tu. Kwanza tuende kwangu u-rest, ukule kitu."

"Mimi nimekuja kumwona mgonjwa. Nitapumzika kwake."

"Mama Neema ndiye amesema, Mzee." Akawasha gari. Hakuniangalia tena mpaka tukafika.

Ulikuwa mwezi wa tatu, nikatarajia theluji nyeupe kama ya kwenye kalenda. Niliikuta nyeusi, imerundikwa pembeni mwa barabara kama takataka za sokoni. Miti mitupu. Hakuna mtu anayetembea kwa miguu, hakuna hata mbuzi. Nyumba ya Nyambura ilikuwa Inver Grove Heights, na dirisha la jikoni lilitazama upande wa mto. Mto wenyewe ulikuwa umeganda kingoni, katikati unapita maji ya rangi ya risasi. Niliuangalia nikahisi unyonge ambao sikuujua unatoka wapi.

Alinipikia ugali, sukuma na kuku. Nikasita mbele ya yule kuku.

"Ni halal, Mzee. Tumemtoa kwa Wasomali."

Nikashukuru. Nikala. Yeye hakula. Alifungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. Simu ikalia, akaondoka nayo hadi chooni, akafunga mlango. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Kuku alikuwa ameshaiva zamani.

Nimefundisha watoto kuigiza miaka yote hiyo. Mwanafunzi akikosa la kufanya na mikono yake, anafungua kitu na kukifunga. Niliona, lakini nikamwekea sababu: labda ana shida na mumewe, labda kazini. Nikaomba tuondoke. Akasema kesho. Nikakasirika, nikamwambia sikuvuka bahari kuja kulala Inver Grove Heights. Maskini yule binti akasimama pale na mwiko mkononi, akasema tu, "Pole, Mzee. Kesho." Nikalala na hasira yangu, na saa za huko zikanichanganya, nikaamka kuku hajawika na wala kuku hayupo.

Coon Rapids: nyama nyingi mno

Asubuhi tukapanda gari, nikajua sasa ni Brooklyn Center. Barabara zao pana, magari yanakwenda kimya kwa mistari. Nikaanza kusoma vibao ili nijisikie mwenyeji. Kibao cha kijani kikatokea: Brooklyn Center. Nikanyoosha kofia. Kibao kikaja, kikapita.

"Si hapo?"

"Ni hapo," Nyambura akasema. "Lakini Mzee Mbwambo amesema lazima upite kwake kwanza. Coon Rapids. Si mbali."

Mbwambo nilimjua. Alisoma nasi, Mpare wa Usangi, akawa mhandisi, naye akalowea huko huko. Sisi watu wa Tanga na Wapare utani wetu mnaujua, wa kesi na ubahili, na baina yangu na Mbwambo ulikuwa hauna breki. Shuleni aliwahi kunishtaki kwa mwalimu mkuu kwa kukalia kivuli chake. Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa nikamvamia kabla hajanisalimu:

"Mpare, umeniita kwako nile? Basi kuna kesi. Nionyeshe shahidi!"

Akanikumbatia. Akasema, "Karibu, ndugu yangu. Pole sana na safari."

Basi.

Nikajaribu tena mezani. Waliniletea mbuzi wa kuchoma, pilau, kachumbari, mbuzi mwenyewe kachinjwa na Msomali kwenye shamba la Mzungu, wamesafiri kumfuata. Nikasema, "Mpare akikupa paja zima, mwulize amekufa nani!"

Mkewe Mbwambo akatoka mezani. Mbwambo akatazama sahani yake. Alikuwa mtu ambaye hata kwenye mazishi ya baba yangu alinitania mpaka nikacheka juu ya jeneza, maana ndiyo kazi ya mtani. Leo nimemrushia neno kama lile, na halirudi.

Hapo ndipo nilipoacha kujidanganya. Nikaiona na sufuria moja jikoni, kubwa, ya shughuli, imefunikwa na mfuniko wa bati. Hiyo haikuwa ya mgeni mmoja. Zakaria alikuwa amekufa. Nilijua pale pale, paja la mbuzi mkononi, na moyo ukanidondoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo mlilokuwa mnataka kulijua bila kujua. Sikusema kitu. Ningeweza kusimama nikapiga kelele, niambieni! Lakini niliwatazama wale watu. Walikuwa wamefanya kila kitu kama inavyotakiwa, katika nchi ambayo haina desturi hiyo, wameomba ruhusa kazini, wametafuta mbuzi kwenye theluji, ili mimi nisipokee habari hiyo na njaa. Nikiwavunjia hapo, nimewavua nguo. Nikaendelea kutafuna.

Siri ya Mzee Subira, ambayo mimi na Zakaria tuliijadili ujana wetu wote, ilikuwa hii: jukwaani tunapaza sauti, tunatupa mikono, aliyekaa nyuma kabisa aone. Yule mzee alitoka huko huko, lakini kwenye filamu alipunguza kila kitu, akabakiza kusikiliza. Mwenzake anasema, yeye anasikia, na ninyi mnaona mambo yanamwingia moja baada ya jingine. Nimejaribu kufanya hivyo maisha yangu yote nikashindwa. Mimi ni mtu wa kelele. Siku ile mezani Coon Rapids nikaweza. Nilikula, nikasikiliza habari za baridi na bei za nyumba, nikaitikia, uso umetulia, na ndani mwangu mnabomoka. Hakukuwa na mtu wa kuona. Mtu pekee ambaye angejua ninafanya nini ndiye aliyekuwa amekufa.

Nikanawa mikono, nikangoja niambiwe. Sikuambiwa. Mbwambo na Nyambura wakaingia jikoni, nikawasikia wananong'ona.

"Si wewe ndiye ulikuwa umwambie jana?"

"Mimi? Mzee, si walisema ni wewe? Mimi ni mtu wa nje, na ni mtoto kwake!"

"Mchungaji ndiye alisema atampigia."

"Mchungaji anajua ni wewe!"

Basi kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kila nyumba ilinilisha kwa kuamini kwamba nyumba nyingine imeniambia au itaniambia, na kama nisingewasikia ningelishwa mzunguko mzima wa Minnesota mpaka nipasuke. Kwetu hapa kazi hiyo ina mwenyewe: mjomba yupo, shekhe yupo, jirani mkubwa yupo. Kule desturi waliibeba, watu wa kuishika wakaachwa huku.

Nikakohoa kwa nguvu. Nikasema, "Mbwambo! Njoo ukae hapa."

Akaja akakaa, anafuta mikono mikavu kwenye suruali.

"Nimekula," nikamwambia. "Nimeshiba. Nimelala vizuri kwa binti huyu. Sina njaa wala usingizi."

Akanitazama. "Salehe, ndugu yangu... wewe ni mtu mzima."

"Ni mtu mzima."

"Jikaze."

"Nimejikaza."

"Zakaria..." Hakuweza. Akaanza kulia yeye, Mpare yule mkubwa wa mwili, akatia kichwa begani kwangu akalia kwa sauti. Nikamshika. Nikasema, "Inna lillahi," nikampigapiga mgongoni kama mtoto. Mimi sikutoa chozi. Nimesikia kwamba habari zilifika hadi hapa Tanga kwa simu, kwamba Salehe aliambiwa kifo cha rafiki yake akabaki mkavu. Ni kweli. Nilikuwa nimeshautuliza uso, na ulipotakiwa kufunguka haukufunguka.

Brooklyn Center

Nyumba ya Zakaria ilikuwa ndogo, ya mbao, na viatu vilijaa kwenye kibaraza juu ya magazeti yaliyolowa. Ndani ni msiba kama msiba wowote: wanawake chini kwenye mazulia, wanaume kwenye viti vya kukunja, chai, nyimbo za kanisani. Watanzania, Wakenya, Wakongo wawili watatu, na Waislamu wa Bara na Pwani kwa pamoja. Mama Neema alikuwa amekaa kwenye godoro. Aliponiona akanyoosha mikono.

"Shemeji, umefika."

"Nimefika, shemeji. Nimechelewa."

"Hukuchelewa. Alifariki wewe ukiwa bado Dar, hujapanda ndege."

Nikakaa chini. Hilo sikuwa nimelifikiria. Ule ukungu wote nilioulaani, na yule Mkenya wa watu niliyemgombeza, hakuna kati yao aliyenikosesha kitu.

"Mngeniambia," nikasema. "Mngeokoa tiketi."

"Mwenyewe alikataza. Alisema, 'Salehe akisikia nimekufa, atanisomea dua huko huko Tanga, atalia wiki nzima, na hatapanda ndege. Mwacheni aje. Mlisheni kwanza.'" Akafuta macho. "Alikuwa anakungoja sana. Siku za mwisho alikuwa anauliza ni siku gani, kisha anahesabu kwa vidole."

Nikamuuliza alinitakia nini tena huku, ikiwa yeye hayupo. Akasema hakumweleza.

Tulimzika kesho yake. Ardhi ilikuwa ngumu, walikuwa wameichimba kwa mashine, na udongo wenyewe wameufunika na zulia la plastiki la kijani ili tusiuone. Mimi nilitaka kuutupa kwa mkono, kama tunavyofanya. Bwana mmoja mwenye tai, wa kampuni ya mazishi, akanizuia kwa upole, akanipa ua. Mbwambo akamwambia kitu, akalifunua lile zulia, nikapata konzi yangu ya udongo. Ulikuwa na vipande vya barafu. Hata hapo sikulia, na niliona watu wananitazama.

Watu walipoanza kutawanyika, kila mtu na zamu yake ya kazi, nyumba ikabaki na mimi, Mama Neema na binti yao Neema, wa miaka kumi na tatu. Mtoto mrefu, ana paji la uso la baba yake. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Nilimkuta sebuleni mchana amekaa mbele ya televisheni, kanda za Mzee Subira zimepangwa chini kwa mstari.

Akaniuliza kwa Kiingereza kama ni mimi yule mwigizaji mkubwa wa Tanga.

"Nani kakwambia mkubwa?"

Baba, akasema. Baba alimwambia kwamba mimi ni bora kuliko huyu mzee, ila bado sijaitwa. Akatia kanda moja bila kuniuliza, akapunguza sauti mpaka mwisho, akasogea kunipa nafasi kwenye kochi. Ndivyo walivyokuwa wakifanya, akasema. Baba alikuwa haoni, lakini anazijua zote kwa moyo, basi wanazima sauti na baba anazitoa kwa Kiswahili.

Nikaelewa nimeitiwa nini. Nikajikohoza, nikaanza.

Ilikuwa filamu ambayo sikuwa nimeiona tangu ujana. Mzee Subira ni mwenye kinu cha kusagia nafaka, na mdogo wake amepotea baharini miaka mingi. Nikamtolea Neema kila kitu: upepo, kinu, mke mgomvi wa jirani, farasi. Yule mtoto akacheka mahali pa kucheka. Nami, Mungu anisamehe, kwa kitambo kile nikafurahi.

Kisha tukafika mahali ambapo mlango unafunguliwa na yule mdogo mtu anaingia, amezeeka, amelowa mvua. Mzee Subira yuko mezani. Anainua macho. Hasemi neno. Kamera inamkaribia, inakaa usoni kwake muda mrefu kabisa, na yeye anamtazama tu yule aliyeingia, mpaka mwishowe anasukuma kiti kwa mguu. Filamu nzima ni pale. Nikanyamaza, maana mzee amenyamaza, na mimi sasa nilijua kwa nini.

Neema akanigeukia. Mbona huongei? akaniuliza kwa Kiingereza.

"Hapa hasemi kitu, mwanangu. Anatazama tu."

Akatikisa kichwa. Hapana, anasema, akanijibu. Baba hapa alikuwa anamsemea, kila mara.

"Alikuwa anamsemea nini?"

Akasimamisha kanda. Uso wa yule mzee ukabaki pale kwenye kioo, unatetemeka kidogo. Neema akatafuta maneno, aibu imemshika, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akasema Kiswahili, polepole, kwa sauti nzito ya kumwiga baba yake:

"Salehe. Umefika. Kaa hapa, chakula bado iko."

Nikalia. Nililia mbele ya mtoto wa watu kwa sauti yangu yote ya jukwaani, mpaka mama yake akaja mbio kutoka jikoni. Neema hakukimbia. Alikaa kando yangu na kile kidude cha kuwashia televisheni mkononi, akaniacha nilie mpaka niishe, kisha akaniuliza, kwa Kiswahili tena, kama aendelee.

Nikamwambia asiendelee kwanza. Aniache nimwangalie yule mzee.